Sura ya Sita: Gari-Nyumba Mnadani

Mnada anaoujua mkazi wa Mji wa Kale wa Mombasa tangu utotoni ni mnada wa samaki, ambao hufanyika dikoni mara mashua zinaposhusha mzigo, na ambao una sifa moja inayoupunguzia hatari: mnunuzi hufunua matamvua ya changu au kolekole akaona kama ni mekundu au yameanza kufifia, hulibonyeza tumbo kwa kidole, kisha ndipo anapotaja bei, kwa hiyo anachokijua mvuvi na anachokijua mchuuzi havipishani sana. Gari halina matamvua. Anayelinunua mnadani hununua kitu ambacho habari zake muhimu zimefichika chini ya rangi, nyuma ya mbao au ndani ya jalada la ofisi asiyoifahamu, na swali linalopaswa kumtangulia kabla ya kuuliza bei ni hili: katika mnada huu, ni nani anayezijua habari hizo, na je, ana sababu yoyote ya kuzisema?

Swali hilo lina historia katika elimu ya uchumi. George Akerlof wa Marekani, katika makala yake ya 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, alieleza kwamba mwuzaji anapozijua kasoro za gari na mnunuzi asizijue, mnunuzi hujikinga kwa kutoa bei ya wastani, na bei hiyo huwafukuza wenye magari mazuri, ambao huona mali yao inadharauliwa, hata sokoni yakabaki mabovu kwa wingi kuliko mazuri. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Nadharia yake, hata hivyo, inachukulia kuwa yupo mwuzaji anayejua, na itaonekana hapa chini kwamba minada ya Mombasa haitimizi sharti hilo kila mara.

Kwanza yafaa kueleza bidhaa yenyewe. Gari-nyumba, ambalo katika yadi za magari huitwa kampa, ni gari lenye injini yake ambalo ndani yake mna kitanda, jiko, tangi la maji na mara nyingine choo, nalo hutofautiana na karavani, ambayo haina injini na hukokotwa nyuma ya gari jingine. Tofauti hii si ya lugha tu. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa unaotumiwa na forodha huiweka karavani katika kifungu cha 8716.10 pamoja na trela, ilhali gari-nyumba huwekwa katika kifungu cha 87.03 pamoja na magari ya abiria, na hivyo hutozwa kodi kama gari la familia, hata kama mwenyewe anasisitiza kwamba amenunua banda la kulala lenye magurudumu. Vani za watalii zenye paa linaloinuliwa kutazamia wanyama, ambazo Mombasa inazo nyingi, si magari-nyumba, ingawa matangazo ya mauzo huzichanganya.

Magari-nyumba si mengi kisiwani, na uhaba huo wenyewe ni hatari ya kwanza, kwa maana bidhaa inayouzwa kwa nadra haina bei ya soko inayojulikana ambayo mnunuzi angeweza kujipimia nayo. Yanayofika mnadani huja hasa kwa njia tatu: minada ya forodha ya bandari ya Kilindini, minada ya wadai inayoendeshwa na madalali wenye leseni, na minada ya Japani ambako mawakala hununua kwa niaba ya wateja walio Kenya. Kila njia hujibu kwa namna yake lile swali la nani anajua.

Mnada wa forodha ndio wa ajabu kuliko yote. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 humtaka mwingiza bidhaa aandikishe shehena yake ndani ya siku 21 tangu meli ianze kupakua. Asipofanya hivyo, shehena yaweza kuhamishiwa Ghala la Forodha, na kwa mujibu wa kifungu cha 42 hutolewa tangazo katika Gazeti Rasmi la Kenya kwamba isipolipiwa na kuondolewa ndani ya siku 30 itauzwa kwa mnada wa hadhara. Orodha hizo hutaja meli, tarehe yake ya kuwasili, hati ya shehena, mahali gari lilipo, jina la aliyetumiwa na, kwa magari, nambari ya chesisi. Kinachofuata ni kwamba Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) huuza gari ambalo haikuliagiza, haikuliendesha na huenda halijawashwa tangu lishuke melini. Hapa mwuzaji na mnunuzi wamelingana kwa kutojua: hakuna anayeficha kasoro kwa sababu hakuna aliyezichunguza, na mnunuzi anayetafuta mtu wa kumlaumu baadaye hatampata. Gari lililokaa miezi mingi kwenye uwanja wazi karibu na bahari, betri ikiwa imekufa, mipira ya madirisha ikikauka kwa jua na chumvi ikijipenyeza kwenye kila kiungo cha bati, huuzwa kama lilivyo na hapo lilipo, na maneno hayo mafupi ndiyo yanayobeba mzigo wote wa mkataba.

Maneno hayo yanastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa katika Mji wa Kale yanakutana na mapokeo mengine ya sheria ambayo ni ya zamani kuliko Kilindini. Fiqhi ya madhehebu ya Shafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, huuruhusu mnada, lakini humpa mnunuzi kile kinachoitwa hiari ya kasoro, yaani haki ya kurudisha kitu akigundua dosari iliyokuwapo kabla ya kukabidhiwa. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alipoeleza katika kitabu chake Minhaj hukumu ya mwuzaji anayejitoa dhamana ya kasoro zote kwa sharti la mkataba, aliipa nguvu kauli kwamba sharti hilo humkinga tu kwa kasoro ya ndani ya mnyama ambayo mwuzaji mwenyewe hakuijua, si kwa vitu vingine. Sababu inaeleweka: mnyama hula, huugua na hubadilika bila mtu kujua, ilhali chombo hakina ugonjwa wa siri namna hiyo. Wanazuoni wa karne ya 13 hawakuwahi kuona chombo chenye nyaya mita mia kadhaa zilizofichwa ndani ya kuta, na mtu anaweza kubishana kwamba gari-nyumba linafanana na ngamia zaidi kuliko linavyofanana na sanduku. Lakini mjadala huo, pamoja na utamu wake, haumsaidii mnunuzi mahakamani, kwa kuwa Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 170, imezifunga mahakama za kadhi ndani ya mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mauzo ya gari huamuliwa na mahakama za kawaida, na sheria ya Kenya ya mauzo ya bidhaa, iliyorithiwa kutoka Uingereza, huwaachia wahusika nafasi ya kuondoa kwa makubaliano dhamana ambazo vinginevyo zingemlinda mnunuzi. Anayeingia mnadani akiwa na hisia kwamba haki ya kurudisha ni jambo la kawaida la kibiashara anaingia na kinga ambayo masharti ya mnada yamekwisha kumvua.

Baada ya masharti huja kodi, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa sababu hufikiri bei ya nyundo ndiyo bei ya gari. Sheria ya forodha huelekeza kwamba fedha za mauzo ya bidhaa iliyotelekezwa zilipie kwanza ushuru, kisha gharama za mauzo na uhifadhi. Hata hivyo, mnunuzi hana budi kusoma masharti ya mnada husika aone kama bei inayotajwa ni pamoja na kodi zote au la, kwa kuwa tofauti ni kubwa kupita kiasi. Kwa viwango vya 2025, gari la petroli lenye injini ya zaidi ya cc 1500 lakini isiyozidi cc 3000, lililothaminiwa na forodha kwa shilingi 1,000,000, hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35, yaani 350,000. Juu ya jumla hiyo huwekwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 25, ambao ni 337,500. Juu ya jumla mpya huwekwa VAT ya asilimia 16, ambayo ni 270,000. Kisha ada ya tamko la uingizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2, ambazo kwa pamoja ni 45,000. Kodi zote zinafika 1,002,500, yaani zimelizidi gari lenyewe. Kama injini ni ya dizeli na imezidi cc 2500, jambo la kawaida kwa magari-nyumba yaliyojengwa juu ya basi dogo, ushuru wa bidhaa hupanda hadi asilimia 35 na jumla ya kodi inafika 1,159,100.

Hatari ya karatasi haiishii hapo. Kiwango cha KS 1515:2000 cha Shirika la Viwango la Kenya huzuia kuingizwa kwa gari lililopitisha miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, ndiyo maana mwaka 2025 yaliyokubaliwa yalikuwa yale yaliyosajiliwa mwaka 2018 na kuendelea. Na gari lenye usukani wa kushoto haliruhusiwi kusajiliwa isipokuwa kwa kazi maalumu kama ya wagonjwa au zimamoto. Vikwazo hivi viwili huangukia magari-nyumba kwa uzito wa pekee, kwa kuwa gari la namna hii huishi muda mrefu likitembea kidogo, na kwa hiyo lile linaloonekana jipya machoni huwa limezeeka kwenye karatasi, na kwa kuwa mengi kati ya makubwa na mazuri yametengenezwa Ujerumani, Italia au Marekani, ambako usukani uko kushoto.

Kuna pia magari-nyumba ya wasafiri wa kigeni wanaovuka Afrika, ambayo huingia Kenya kwa kitabu cha dhamana ya forodha kinachoitwa karnee, kinachotolewa na chama cha magari cha nchi ya msafiri na kumhakikishia afisa wa mpakani kwamba gari litatoka tena, au ushuru wake utalipwa. Msafiri anapochoka, anapougua au gari linapomharibikia, hushawishika kuliuza palepale kwa bei ya kutupa, na gari hilo laweza kupita mikononi mwa watu wawili watatu kabla ya kuibuka katika mnada mdogo wa yadi. Gari la namna hiyo halijalipiwa ushuru wa Kenya hata senti moja, na anayelishika ndiye atakayeulizwa. Bei yake ndogo ni kipimo cha tatizo lake.

Katika mnada wa wadai hali ni nyingine. Benki au mkopeshaji huikabidhi kazi ya kulitwaa gari la mdaiwa kwa dalali aliyepewa leseni chini ya Sheria ya Madalali ya 1996, ambaye kwa kanuni za 1997 hulazimika kumpa mdaiwa siku saba za kukomboa mali yake kabla ya kuiondoa, na kisha kuitangaza gazetini. Huku yupo anayezijua kasoro zote, naye ni mdaiwa aliyenyang'anywa, mtu asiye na sababu hata moja ya kumfaa mnunuzi na mwenye sababu kadhaa za kutomfaa, kwa kuwa aliyekwisha kujua gari litachukuliwa haoni faida ya kubadilisha oili. Hatari ya pili ni umiliki. Mtu hawezi kutoa asichonacho, na kama notisi za kisheria zilirukwa au gari lilikuwa dhamana ya mkopo mwingine, mnunuzi anaweza kujikuta ndani ya kesi ya watu wengine. Tangu Sheria ya Dhamana za Mali Zinazohamishika ya 2017 ipo daftari la kielektroniki linaloonyesha ni nani ana dai juu ya mali ya nani, na kulipekua kabla ya mnada ni kazi ndogo ikilinganishwa na kazi ya kumtafuta wakili baadaye.

Mnada wa Japani ndio pekee ambamo maarifa yameandikwa. Kampuni za minada huko, kubwa kuliko zote ikiwa USS, huwatumia wakaguzi wao kujaza karatasi ya mnada kwa kila gari, wakilipa daraja la nambari, kwa kawaida 5 au 4.5 kwa lililo bora na 3 kwa lililochakaa, na herufi R au RA kwa lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Juu ya mchoro wa bodi huandikwa herufi za kasoro: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni bati lililonyooshwa likabaki na mawimbi, S ni kutu na C ni bati lililoliwa. Mnunuzi wa Mombasa aliyeona S na C zimetapakaa sehemu za chini ashuku kwamba gari limetoka mikoa ya theluji, kama Hokkaido, ambako chumvi hutumika barabarani wakati wa baridi. Gari lililoanza kuliwa na chumvi kule, likiletwa kumalizia uzee wake kisiwani Mombasa, limepelekwa kwa adui yuleyule kwa jina jingine. Mfumo huu, pamoja na ubora wake, ulibuniwa kwa ajili ya magari na si kwa nyumba, na daraja la 4 halisemi lolote kuhusu pampu ya maji.

Na hapa hufikiwa jambo ambalo wanunuzi wengi hulipanga kinyume. Mtazamaji wa kawaida hufungua boneti kwanza, husikiliza injini, hutazama moshi, kisha hupanda ndani, hukalia kitanda, husifu makabati na kutoka. Kwa Mombasa mpangilio huo unastahili kugeuzwa. Injini ya Toyota HiAce ina mafundi na vipuri kila pembe ya kisiwa, na kuifungua na kuifunga upya ni gharama inayokadirika. Nyumba iliyojengwa nyuma yake haina hivyo viwili. Jokofu linalotumia gesi, hita ya maji, pampu, vifuniko vya paa na madirisha ya plastiki ya tabaka mbili ni vitu vya kuagizwa mbali, na fundi anayepata moja ya hivyo kwa mara ya kwanza hujifunzia kwenye gari la mteja.

Adui mkubwa wa nyumba hiyo ni unyevu. Kuta za magari-nyumba mengi hujengwa kwa fremu za mbao zilizofunikwa bati jembamba au plastiki kwa nje na plaiwudi kwa ndani, na maji yakipenya kwenye kiungo cha paa huteremka ndani ya ukuta bila kuonekana, yakaozesha fremu kwa miaka kabla ya doa la kwanza kutokea. Katika hewa ya Mombasa, ambayo haikauki hata msimu wa kaskazi, uozo huo hauna msimu wa kupumzika. Anayekagua na abonyeze plaiwudi kwa kiganja kwenye pembe zote, hasa chini ya madirisha na kuzunguka vifuniko vya paa, akitafuta mahali panapobonyea kama mkate uliolowa. Anuse ndani ya makabati yaliyofungwa. Na aogope harufu kali ya manukato au rangi mbichi ya ndani kuliko anavyoogopa mkwaruzo wa nje.

Umeme ni mtego mwingine wa kimyakimya. Magari-nyumba ya Japani yameundwa kupokea umeme wa nje wa volti 100, ilhali umeme wa Kenya ni wa volti 240, na mwenye gari anayechomeka waya kwenye soketi ya nyumbani kwa furaha ya siku ya kwanza anaweza kuunguza chaja, jokofu na kiyoyozi kwa sekunde chache. Matairi nayo huzeeka yakiwa yamesimama: tarakimu nne za mwisho za msimbo ulio ubavuni, kwa mfano 2318, humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2018, na tairi lenye kashata nzima lakini umri wa miaka minane ni la kutupwa.

Liko pia suala la mahali pa kuliweka, ambalo katika Mji wa Kale si dogo. HiAce ndefu yenye bodi pana ina urefu wa karibu mita 5.4 na upana wa karibu mita 1.9, na basi dogo la Coaster hukaribia mita 7. Vichochoro vinavyotoka Ndia Kuu kuelekea Bandari ya Kale vilipimwa kwa bega la mtu na mkokoteni wa hamali. Gari litalala nje ya mtaa, kwa kodi ya kila mwezi, chini ya jua na mvua, mbali na jicho la mwenyewe, na kila mwezi wa kodi hiyo ni sehemu ya bei ya gari ambayo mnadi hakuitaja.

Kutokana na hayo, bei ya mnadani haihesabiwi kwa kuanzia chini na kupanda, bali kwa kuanzia juu na kushuka. Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, kwamba gari-nyumba zima lenye karatasi safi lingeuzwa yadini kwa shilingi 3,500,000. Matengenezo yanayoonekana ya gari ni 400,000, ya nyumba 350,000, kulikokota, kulikagua na kulisajili 150,000, na akiba ya yasiyoonekana, ambayo haifai kupungua asilimia 15 ya thamani, ni 525,000. Kinachobaki ni 2,075,000, na hiyo ndiyo dari. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta wa Marekani, Capen, Clapp na Campbell, walionyesha kwa nini dari hiyo isivukwe: wengi wanapokisia thamani ya kitu kisichojulikana vizuri, anayeshinda ni yule aliyekisia juu kuliko wote, na kwa hiyo ana uwezekano mkubwa wa kuwa ndiye aliyekosea zaidi. Wataalamu huiita hali hii laana ya mshindi. Matokeo yake yanapingana na hisia za mnadani, kwa kuwa kadiri washindani wanavyoongezeka ndivyo mtu anavyopaswa kushusha dari yake, ilhali kelele za watu humshawishi kuipandisha. Anayepandisha bei pasipo nia ya kununua, kitendo ambacho fiqhi hukiita najshi na kukikataza, huongeza laana hiyo, na hata wanazuoni wa Shafi, katika kauli yenye nguvu zaidi, humhesabia dhambi mchochezi bila kumpa mnunuzi hiari ya kuvunja biashara, kwa hoja kwamba alipaswa kujua thamani mwenyewe.

Gari-nyumba ambalo nambari yake ya chesisi hailingani na ile ya tangazo, au ambalo mnunuzi hakuruhusiwa kuingia ndani kulitazama, halistahili zabuni yoyote inayozidi thamani ya injini na matairi yake. Gazeti Rasmi la Kenya hutoka kila Ijumaa, na tangazo la mnada wa Kilindini hutaja humo siku ambazo wanunuzi wanaruhusiwa kwenda kuitazama mali kabla ya nyundo kugonga.